Kuseti mashine ya MIG kwa aluminiamu nene: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ya MIG, yaani kuchomelea kwa waya unaosukumwa na mashine huku gesi inakinga mshono, ambayo mafundi wenzangu wananiuliza karibu kila wiki, wengine wanakuja karakana, wengine wananitumia picha ya mshono usiku wanataka jibu hapo hapo. Mimi kazi yangu ni boti na bodi za matela huku pwani, na ninaposema aluminiamu nene namaanisha pleti ya milimita 8 kwenda juu, hasa zile za 10 na 12. Bati jembamba lina mambo yake, hapa siligusi.

Nimechomelea chuma miaka kumi, kwanini kwenye pleti ya aluminiamu mshono unakaa juu juu tu kama nta ya mshumaa?

Kwa sababu aluminiamu inaukimbiza moto. Inapitisha joto karibu mara nne au tano zaidi ya chuma cha kawaida, yaani wewe unaweka joto hapa na lenyewe limeshafika ukingoni mwa pleti, na pleti ikiwa nene ndio kabisa, inanyonya joto kama mchanga unavyonyonya maji. Waya wako unayeyuka vizuri tu maana ni mwembamba na uko kwenye moto, lakini pleti yenyewe chini bado haijayeyuka, kwahiyo unachopata ni aluminiamu imemwagwa juu ya aluminiamu.

Halafu kuna la pili. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini ile ngozi ya oksidi iliyoifunika inayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000. Ngozi yenyewe ni nyembamba sana hata huioni, ila ipo, na inajirudisha yenyewe kila ukiisugua. Ukiichomelea bila kuiondoa, chini kunakuwa maji na juu kuna utando mgumu unaozuia vitu viwili visichanganyike.

Ukielewa haya mawili, joto linalokimbia na ngozi isiyoyeyuka, settings karibu zote utazijua zinatoka wapi na hutahitaji kukariri.

Mashine yangu ni ya ampea 200, inatosha kwa milimita 12?

Hapana, na nasema hivi nikijua wengi hamtaki kusikia. Hesabu ya haraka tunayotumia ni ampea 40 kwa kila milimita moja ya unene, kwahiyo milimita 5 inataka kama 200. Ikizidi hapo hesabu haiendelei kupanda vile vile kwa sababu unachonga V (kingo za pleti zinainamishwa zikikutana zifanye mfereji) na kujaza kwa mishono kadhaa, lakini chini ya 230 au 240 kwenye pleti ya 12 unajidanganya. Mashine ya 200 iache ifanye milimita 5, ikizidi sana 6 na uwe umepasha pleti moto kidogo.

Na usisome tu ile namba kubwa iliyoandikwa mbele ya mashine. Geuza nyuma usome kibati chake, utakuta imeandikwa mfano 250 kwa asilimia 30. Maana yake ndani ya dakika 10 inachomelea dakika 3 halafu inapumzika 7, na vipimo hivyo mara nyingi ni vya joto la nyuzi 40 kwenye kivuli, sio chini ya bati la karakana saa nane mchana. Kwa kazi ya pleti nene kila siku tafuta mashine ya 350 inayotoa 250 au 280 bila kuhema.

Umeme wa nyumbani utaibeba?

Piga hesabu mwenyewe. Ampea 250 mara volti 27 ni kama kilowati 6.7 pale kwenye moto, ongeza kinachopotea ndani ya mashine unafika 8 hivi. Soketi ya kawaida ya ampea 13 inatoa kama kilowati 3. Kwahiyo sio suala la kubadilisha plagi, ni waya mzima wa nyumba. Kazi hii inataka fezi tatu, au laini yake yenyewe iliyovutwa na fundi umeme kwa waya mnene. Ukitumia jenereta chukua yenye akiba, kVA 15 kwenda juu, maana ikianza kulegea katikati ya mshono moto unafupika na unapata sehemu ambayo haijashika na kwa macho huioni.

Haya nipe namba basi. Ampea ngapi, volti ngapi?

Nakupa za kuanzia, sio za kumalizia, maana kila mashine ina tabia yake. Zote ni kwa argoni tupu, ndiyo gesi ya kukinga mshono.

Pleti ya milimita 6: waya wa milimita 1.2, ampea 200 hadi 230, volti 24 hadi 26.
Milimita 10: waya wa 1.2, ampea 230 hadi 260, volti 26 hadi 27.
Milimita 12: waya wa 1.2 kwa ampea 240 hadi 280, au waya wa 1.6 kwa 260 hadi 300, volti 26 hadi 29.

Polariti bunduki ya kuchomelea iwe kwenye chanya, DC, siku zote. Ukiwa chanya ule moto wenyewe unasaidia kuvunja ngozi ya oksidi, utaona pembeni mwa mshono kuna mstari mweupe umesafishika. Kama ulikuwa unatumia waya wa kujikinga usio na gesi kwenye mashine hiyo hiyo basi angalia sana, maana ulizigeuza nyaya ndani na watu wanasahau kurudisha.

Spidi ya waya itakushtua. Kwa waya wa 5356 wa 1.2 kwenye ampea hizo unaenda mita 11 hadi 14 kwa dakika, wa 4043 kidogo chini ya hapo (hizo ni aina mbili za waya, nazieleza chini). Kama mota ya kusukuma waya inaishia mita 10 basi waya mwembamba hautakufikisha, panda kwenye 1.6.

Sasa namna ya kutyuni: weka spidi ya waya kwanza, anza na volti za juu kidogo halafu shusha taratibu huku unasikiliza. Volti zikiwa nyingi moto unakuwa mrefu, unayumba, waya unaungua kurudi kwenye tipu (ncha ya bunduki ambayo waya unatokea). Zikipungua sana inaanza kupiga shoti tatata na kurusha cheche. Unachotaka ni mvumo mmoja uliotulia wa spreyi (waya unaruka kwa matone madogo madogo bila kugusa pleti), na mara moja moja kamlio kadogo ka kupasuka. Sio ule mlio wa kukaanga samaki tuliouzoea kwenye chuma! Ukisikia kukaanga kwenye aluminiamu nene ujue uko kwenye shoti na haijashika. Waya wa 1.2 unaingia kwenye spreyi ukivuka ampea 135 hivi, wa 1.6 kwenye 180 hivi, kwahiyo na hizo namba juu umeshavuka mbali.

Gesi ya mchanganyiko ninayotumia kwenye chuma naweza kuendelea nayo?

Hapana kabisa. Ile ina CO2 ndani na CO2 kwenye aluminiamu inakuletea uchafu mweusi, mashimo, mshono unakuwa kama makaa. Argoni tupu, ya asilimia 99.99 kama unaipata.

Kwa pleti za 12 kwenda juu kuna wanaochanganya heliamu na argoni, heliamu inaongeza joto na mshono unazama kwa upana zaidi. Ni nzuri kweli ila bei yake na kuipata huku kwetu ni kazi, na ukiitumia lazima upandishe volti na mtiririko wa gesi. Mimi kazi karibu zote nafanya na argoni tupu na kupasha pleti kidogo, inatosha.

Mtiririko lita 18 hadi 22 kwa dakika. Mtu akiona vitundu anafungua gesi mpaka 35 akidhani anasaidia, kumbe gesi ikitoka kwa nguvu inavuruga na kuvuta hewa ya nje ndani, vitundu vinaongezeka. Na ili ujipange, mtungi wa lita 50 uliojazwa bar 200 una kama lita 10,000 za gesi, kwa lita 20 kwa dakika ni dakika 500 za kuchomelea kwenyewe, kama masaa nane ya moto. Nusu mtungi Ijumaa jioni haimalizi chombo kikubwa.

4043 au 5356?

Inategemea pleti ni ya aina gani, na hapa ndipo watu wanaharibu kazi za watu.

4043 ina silikoni kama asilimia 5. Inatiririka vizuri, mshono unang'aa, hautaki kupasuka. Inafaa kwa pleti ya 6061 na vitu vya kumimina vyenye silikoni. Ubaya wake ni laini, inajikunja kwenye laina (mrija wa ndani ya kebo unaopitisha waya).

5356 ina magneziamu kama asilimia 5. Ni ngumu zaidi, inasukumika vizuri, mshono una nguvu zaidi hasa kwenye kona. Kwa pleti za boti, 5083 na 5086, ndio hiyo, au 5183 ambayo ndiyo chaguo bora kwa 5083 ukiipata. USITUMIE 4043 kwenye 5083. Silikoni ya waya ikikutana na magneziamu nyingi ya pleti inatengeneza kitu kinachovunjika kama biskuti.

Kuna jambo moja wa matela ya lami wajue. Kitu kinachokaa kwenye joto zaidi ya nyuzi 65 muda wote hakitaki waya wenye magneziamu inayozidi asilimia 3, kwahiyo 5356 na 5183 hapana. Matangi ya mzigo wa moto yanajengwa kwa 5454 na waya wake ni 5554.

Na pleti ikiletwa haina maandishi wala cheti cha kiwanda? Muulize mwenye kazi ilitoka wapi. Kuna aluminiamu kama 2024 na 7075, za ndege hizo, ambazo hazichomelewi kwa MIG, zinapasuka tu, leo au kesho. Kazi ya kubeba watu siifanyi kwenye pleti nisiyoijua, mteja akinuna anune.

Waya unajikunja ndani ya mashine unakuwa kama kiota cha ndege. Nifanyeje?

Ugonjwa wa kila mtu huo. Waya wa aluminiamu ni kama kusukuma tambi iliyopikwa, kwahiyo njia yote kuanzia spuli (gurudumu la waya) mpaka tipu lazima iwe rafiki.

Rola ziwe za mfereji wa U, sio V za chuma, na hasa sio zile zenye meno, zinakwaruza waya na unga wake unaziba laina. Laina ya nailoni au tefloni, ile ya springi ya chuma itoe. Tipu nunua zilizoandikwa za aluminiamu, tundu lake ni kubwa kidogo kwa sababu waya unapanuka ukipata moto, ya chuma ya 1.2 itabana. Kaza rola kidogo tu: elekeza waya kwenye kipande cha mbao kwa pembe, ukikutana na mbao uteleze na kujikunja taratibu, kama hausogei kabisa ongeza kidogo kidogo. Breki ya spuli nayo legeza, iwe inaizuia isizunguke yenyewe basi.

Kebo ya bunduki iwe fupi, mita 3, na unapochomelea inyooke, usiizungushe kwenye bega. Ukitaka kutibu kabisa nunua bunduki yenye spuli yake ndogo hapo hapo, au ile yenye mota mbili, moja inasukuma na nyingine inavuta. Ila kwa pleti nene kumbuka spuli ndogo ni ya nusu kilo, inaisha haraka mno, na nyingi haziwezi ampea 250 kwa muda mrefu. Kwa kazi ya mfululizo ile ya mota mbili ndiyo.

Kusafisha ni lazima kihivyo? Pleti ni mpya inang'aa.

Kung'aa sio usafi. Pleti mpya ina mafuta ya kiwandani, alama za vidole, na ngozi yake ya oksidi.

Mpangilio ni huu na usiugeuze: mafuta kwanza, brashi baadaye. Futa na asetoni kwa kitambaa safi cheupe, kitambaa kikitoka kijivu rudia, acha ikauke kabisa. Ndio usugue na brashi ya chuma cha pua ambayo ni ya aluminiamu peke yake, iandike hata kwa rangi, maana iliyopita kwenye chuma inapandikiza chembe za chuma. Ukianza na brashi kabla ya kufuta mafuta unayapaka na kuyakandamiza ndani. Usibonyeze sana, na usafishe siku hiyo hiyo ya kuchomelea, ikilala rudia.

Thina ya rangi siipendi, inaacha mabaki. Na ile dawa ya kopo ya kusafishia breki, nyingine zina klorini ndani, mwanga wa kuchomelea ukikutana na mvuke wake inazalisha fosjini, gesi ya sumu inayoua kwa kuharibu mapafu. Usiiingize karakana ya kuchomelea, sio suala la kuzoea.

Kukata na kuchonga tumia blade ya meno ya kabaidi. Msumeno wa mviringo wa seremala unakata pleti ya 12 vizuri mno, na randa ya umeme inachonga V safi kabisa. Diski ya kawaida ya grinda ya chuma inaziba na kuacha mchanga wake ndani ya aluminiamu. Na kama umekata kwa plasma, chonga milimita 2 au 3 za ukingo utoe kile kilichoungua.

V inachongwaje kwenye milimita 12?

Pana kuliko ya chuma. Chuma nyuzi 60 jumla zinatosha, hapa naenda 70 mpaka 90, pua chini (ukingo usiochongwa) iache milimita 1.5 hadi 3, nafasi kati ya pleti sifuri hadi 1.5. V nyembamba inafanya moto uguse kuta badala ya mzizi, yaani chini kabisa ya kiungo.

Ukiweza kugeuza kazi, choma upande mmoja, geuza, chimba nyuma kwa blade ya kabaidi mpaka ufike kwenye aluminiamu nzima inayong'aa isiyo na mstari wala kitundu, ndio uchome upande wa pili. Huwezi kugeuza, weka bamba la chuma cha pua nyuma, au mkanda wa aluminiamu unaobaki pale pale. Kujaza ni mishono iliyonyooka tu, mitatu, minne, mitano, na kila mmoja unasugua brashi kabla ya unaofuata. Kuyumbisha mkono kwa upana huku na huku kama unashona jamvi acha, unapoteza joto na kuingiza hewa.

Nipashe pleti moto kwanza? Kiasi gani?

Kwenye 10 na 12 ndio, inasaidia sana pale mwanzo wa mshono, lakini kidogo. Lenga nyuzi 80 hadi 100, na usivuke 120. Ukivuka unalegeza 6061, na hizi 5083 zenye magneziamu nyingi zikikaa kwenye joto zinaanza kuwa dhaifu kwa kutu ya chumvi, jambo baya sana kwa boti.

Tatizo ni kwamba aluminiamu haibadiliki rangi. Chuma kinakuonya kwa wekundu, hii inakaa vile vile mpaka ghafla inaanguka sakafuni. Nunua chaki ya joto, ile inayoyeyuka kwenye nyuzi maalumu, au kipimajoto cha kugusa. Kile cha kumulika kwa mwanga mwekundu kinadanganywa na mng'ao wa aluminiamu, nimewahi kusoma 50 kumbe pleti ilishapita mia.

Na ule ujuzi wa kupaka sabuni mpaka iwe nyeusi, nauheshimu, ila ni wa wanaolainisha aluminiamu ili waikunje. Sabuni inakuwa nyeusi kwenye nyuzi zaidi ya 300. Ikifika hapo pleti yako ya T6 (iliyokomazwa kwa joto kiwandani) sio T6 tena.

Zungusha moto mpana, usikae sehemu moja, na moto wa gesi unaacha unyevu, kwahiyo pitisha brashi tena baada ya kupasha.

Bunduki naishikaje?

Sukuma, usivute. Mdomo wa bunduki uelekee kule unakoenda kwa nyuzi 10 hadi 15, gesi itangulie mbele. Ukivuta unapata masizi na uchafu. Umbali kutoka tipu mpaka kazini milimita 15 hadi 20, na tipu iwe imerudi ndani ya nozo (mdomo wa nje unaotoa gesi) kama milimita 3, ikitokeza mbele itaungua.

Na nenda haraka! Mkono wa chuma ni wa taratibu, huku ukienda taratibu kidimbwi cha aluminiamu iliyoyeyuka kinakutangulia na kumwagika juu ya pleti ambayo haijayeyuka. Ampea nyingi na mwendo wa haraka.

Masizi meusi pembeni mwa mshono ni kosa?

Kidogo kwa 5356 ni kawaida, ni magneziamu inaungua, inafutika na kitambaa. Yakiwa mengi angalia pembe, gesi, na moto mrefu.

Vitundu vitundu ndani ya mshono vinatoka wapi?

Haidrojeni. Aluminiamu ikiwa maji inameza haidrojeni nyingi sana, ikiganda inaitema karibu yote, ile isiyowahi kutoka inabaki kama vitundu. Haidrojeni inatoka kwenye maji, mafuta, grisi, rangi, na jasho la mkono wako.

Huku pwani adui mkubwa ni unyevu. Kuna rafiki alikuwa anaficha spuli zake ofisini kwenye kiyoyozi akiona anazitunza, anazitoa asubuhi moja kwa moja kwenye joto la nje, waya unatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka frijini, na anachomelea hivyo hivyo. Vitundu mwezi mzima, akabadilisha mtungi, akabadilisha mashine. Waya au pleti ikitoka kwenye baridi iache ndani ya mfuko wake mpaka ilingane na joto la nje ndio ufungue. Pleti iliyolala nje na umande ikaushe.

Kingine ni upepo. Kusi likivuma na wewe uko ufukweni unachomelea mkuku, argoni yote inaondoka. Zungushia turubai. Halafu kagua mpira wa gesi kwa povu la sabuni, tundu dogo linanyonya hewa, na rigaleta ya zamani nayo.

Mshono unapasuka pale mwisho ninapoachia kitufe.

Pale unapoachia panabaki shimo, aluminiamu ikiganda inapungua ujazo karibu asilimia 6, shimo linavutwa pande zote na linapasuka kama nyota. Ufa huo ukikaa kwenye boti unatembea. Kama mashine ina sehemu ya kujaza shimo la mwisho, iwashe. Kama haina, ukifika mwisho rudi nyuma sentimita 2 au 3 juu ya mshono wako kwa kasi ndio uachie, au bonyeza na kuachia mara mbili tatu hapo hapo mpaka shimo lijae. Kwenye viungo vya maana weka vipande vya ziada mwanzo na mwisho, mshono uanzie na kuishia huko, halafu unavikata.

Nitajuaje imeshika kweli?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mtu aulize, na ni wachache wanauliza.

Miaka ya nyuma nilichomelea sikio la kunyanyulia kwenye pleti ya 12 ya boti. Mshono ulikuwa mzuri, mawimbi yake yamepangika, mwenye boti alipiga picha. Siku ya kunyanyua kwa kreni, boti imepanda futi moja hivi kutoka kwenye magogo, sikio likatoka zima zima na mshono wake. Hakuna aliyeumia. Nilipogeuza kile kipande nikakuta chini ya mshono alama za msasa bado zipo, yaani pleti haikuyeyuka hata kidogo. Nilikuwa nimeanzia na pleti ya baridi, ampea 190, na macho yangu yaliniambia ni kazi nzuri.

Tangu siku hiyo kabla ya kazi yoyote nene nachukua vipande viwili vya pleti ile ile, unene ule ule, nasimamisha T, nachomelea upande mmoja tu kwa settings ninazotaka kutumia, naacha ipoe, halafu napiga nyundo upande usio na mshono, naikunja kuelekea upande wa mshono mpaka ivunjike. Tazama mzizi. Ukiona mstari mnyoofu wa ukingo wa pleti bado upo, haujashika, panda ampea. Ukiona pamechanika ndani ya aluminiamu yenyewe, kijivu chenye chembechembe, hapo sawa. Angalia hasa sentimita 5 za kwanza, hapo ndipo baridi inapojificha. Kipande kingine kata kwa msumeno katikati, lainisha kwa msasa, uone umezama kiasi gani. Dakika 20 na vipande vya taka.

Baada ya kuchomelea 6061 inapoteza nguvu?

Inapoteza, na hakuna setting ya kuzuia. 6061-T6 inaanza na MPa (kipimo cha nguvu ya kuvutwa) 310 hivi, pembeni mwa mshono unahesabu kama 165. Kwahiyo usiweke mshono pale panapobeba mzigo mkubwa, sogeza. 5083 ni bora zaidi hapo, inabaki na kama 275 baada ya moto, ndio maana wajenzi wa boti wanaipenda.

Lazima mashine iwe ya pulsi?

Sio lazima. Kwenye pleti nene iliyolala spreyi ya kawaida inafanya kazi safi, na MIG yenyewe ilipoanza mwaka 1948 ilianzia kwenye aluminiamu, hakukuwa na pulsi. Pulsi, yaani umeme unaopanda na kushuka haraka haraka, inakusaidia sana ukichomelea wima au juu ya kichwa, na ukichanganya nene na nyembamba.

Usalama kuna tofauti na chuma?

Ipo. Mwanga ni mkali zaidi kwa sababu unaakisiwa na pleti, kioo namba 11 hadi 13, funika shingo na mikono kwa pamba nzito au ngozi, fulana nyepesi inapita mionzi. Moto huu unazalisha ozoni nyingi, weka hewa ya kutosha ila isipulize kwenye mshono. Ndani ya tangi au chumba cha boti argoni inazama chini na kusukuma hewa nje, haina harufu, mtu analegea bila kujua, kwahiyo asiingie mtu peke yake na pawe na feni inayovuta. Tangi lililokuwa na mafuta usiliwashie moto mpaka lioshwe na kupimwa gesi kwa kipimo, kunusa sio kupima.

Jioni nikifunga kazi niache nini vipi?

Rudisha waya kwenye spuli, toa spuli, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki na kile kimfuko cha kukaushia unyevu, andika tarehe uliyoifungua. Waya ulioachwa kwenye mashine wiki nzima huku kwetu unapata ukungu mweupe, na ukiutumia hivyo utarudi kwenye swali la vitundu. Funga mtungi, toa gesi iliyobaki kwenye mpira, puliza laina kwa hewa kavu kutoka upande wa mashine kwenda mbele. Tipu iliyochakaa itupe usiku huo huo, usiiache asubuhi mtu mwingine aanze nayo.